Kitabu cha Wageni Hakipigwi Picha Tena

Alhamisi, 12 Februari. Butimba, Mwanza.

Mawingu mazito yametanda juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua imekataa kunyesha. Wadudu wa ziwani wamejazana chini ya taa ya barazani, weusi kama majani ya chai. Nimewafagia mara mbili. Mimi mwenyewe nina hasira, ila ni hasira iliyotulia. Sasa ni saa kumi na moja jioni, naandika nikiwa mapokezini, palepale yalipotokea.

Shajara yangu kwa kawaida ni ya macho yangu tu. Naiandika tangu kidato cha pili, mistari michache kila siku: hali ya hewa, waliokuja, kilichoharibika, nilichokosea. Siku chache huwa nazinakili kwenye blogu hii, zile ambazo hazimdhuru mtu. Ya leo nitainakili yote, ila nitaipandisha Jumapili, na sitabadilisha neno hata kama mambo yatakuwa yamegeuka. Kwa nini Jumapili, anayesoma ataelewa akifika mbele. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Langu nimeliacha lilivyo. Jina la gesti sikuliweka, maana mwenye gesti hajaniomba nimfanye shujaa.

Naitwa Veneranda, Mkerewe, nimesoma mpaka kidato cha nne, na huu ni mwaka wa tisa nasimamia mapokezi ya gesti ya vyumba kumi na viwili.

Leo nimemkatalia mtu wa serikali.

Niandike kwa utaratibu, ili siku nikiulizwa nisibabaike.

Kitabu cha wageni kila aliyewahi kulala gesti anakijua. Jina kamili, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, sababu ya safari, namba ya simu, sahihi. Mgeni hapewi ufunguo kabla hajakijaza. Wengi hawakipendi. Nusu ya nchi hii ikifika kwenye kaunta ya gesti inageuka kuwa wakulima, nusu nyingine wafanyabiashara, na kila mwanamume aliyekuja na mwanamke amekuja na "dada yake". Wasimamizi wengi huwaacha waandike wanachotaka. Mimi sikuwaacha. Mtu akiandika uongo ninaouona kwa macho, nilikuwa nachukua rula na kalamu nyekundu, nakata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka, kisha namgeuzia kitabu aandike ukweli juu yake. Yusta, anayefanya usafi, huniita Mwalimu Mkuu.

Nilikuwa na sababu. Mwaka wangu wa pili hapa, mgeni wa chumba namba saba hakuamka. Presha. Mwanamume mzima, peke yake, simu yake imefungwa kwa namba ya siri. Lakini kitabuni alikuwa ameandika kijiji chake cha kule Mara, jina lake lote, na namba ya nyumbani. Tukapiga, na kesho yake ndugu zake wakafika. Mdogo wake aliweka kidole juu ya lile jina akasema, "Huu mwandiko wake." Akakaa na kidole pale muda mrefu. Tangu siku ile sikuwahi kukiona kitabu kile kama karatasi tu.

Mwingine aliondoka na televisheni ya chumba cha tano. Askari walikuja na barua, wakakaa kwenye benchi lile pale, wakasoma ukurasa mmoja, wakaandika walichokichukua, wakashukuru. Jamaa akapatikana Busisi, enzi za kivuko bado, yuko kwenye foleni na televisheni imefungwa ndani ya shuka letu wenyewe.

Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya. Mimi si mtu wa kuchukia ulinzi. Nimeuona ukifanya kazi.

Mwaka jana mwezi wa saba akaja kijana mmoja. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, maneno ya heshima. Akasema ametumwa na ofisi. Akasema kuanzia sasa kila asubuhi kabla ya saa tatu nipige picha ukurasa wa jana nimtumie kwenye simu. Gesti zote zinafanya hivyo, akasema, ni kwa usalama wa wananchi. Hakuacha barua. Hakutaja jina. Nikahifadhi namba yake kama "Picha", na moyoni nikawa namwita Bwana Picha. Miezi saba ameyajua majina, makabila na safari za kila aliyelala hapa. Mimi mpaka leo jina lake silijui.

Sasa sehemu ya aibu, na hii ndiyo iliyonifanya nichelewe kushika kalamu.

Nilipenda.

Nilipenda kutumwa na ofisi. Nilikuwa nasafisha kaunta kwanza ili picha itoke vizuri. Alikuwa akijibu "Safi sana dada", na mimi, mtu mzima, nafurahi kama nimepata alama A. Hata siku moja sikujiuliza anayeangaliwa amefanya nini. Askari wa televisheni walikuwa wakimtafuta mwizi mmoja. Bwana Picha alikuwa hamtafuti mtu. Alikuwa anatuchukua wote, kila siku, akatuweka mahali, ili siku akihitaji sababu aje kuichagua.

Hilo sikuliona. Nilimwona kijana mwenye heshima.

Kabla ya Krismasi akaja mama mmoja kutoka upande wa Sengerema. Nitamwita Mama Regina. Miaka hamsini na kitu, mrefu, kitenge kimefungwa kifuani, begi moja la mkononi. Kwenye kazi akaandika "Mkulima".

"Mkulima wa nini, mama?" nikamuuliza.

"Wa mihogo."

"Mihogo inayonuka dagaa?"

Alicheka mpaka akaegemea kaunta. "We binti, pua hiyo ni ya paka."

Nikachukua rula. Nikakata. Nikamgeuzia kitabu.

"Andika kazi yako ya kweli, mama. Hiki kitabu ni kwa usalama wako mwenyewe."

"Usalama wangu?"

"Wako."

Akaniangalia kidogo, kisha akaandika, kwa herufi za mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali: Mwenyekiti, umoja wa akina mama wakaushaji dagaa. Kwenye sababu ya safari akaandika: Kuonana na mwanasheria kuhusu mwalo wetu. Mwalo ni pale ufukweni mitumbwi inaposhusha na akina mama wanapoanika. Wa kwao ulikuwa umeanza kupimwa ili uzungushiwe uzio, wao wakaambiwa watafute mchanga mwingine. Alinieleza yote hayo akisubiri ufunguo. Mkutano wao ulikuwa keshokutwa yake, apeleke alichoambiwa na mwanasheria, waamue.

Asubuhi nikapiga picha nikatuma. Bwana Picha akajibu haraka kuliko siku zote. "Huyu wa chumba cha 9 anaondoka saa ngapi?"

Nikamjibu. Naandika tena ili nisijifiche nyuma ya sentensi fupi: aliniuliza mgeni wangu anaondoka saa ngapi, na mimi nikamjibu, "Saa nne, gari la Sengerema." Hata gari nilimtajia. Hakuwa ameuliza gari.

Halafu nikaendelea na kazi.

Mwezi uliopita nilianza kuona kitu cha ajabu kitabuni. Wageni niliowazoea walianza kubadilika. Fundi wa mashine za mitumbwi, ambaye amelala hapa zaidi ya mara ishirini, akaandika jina nisilolijua. Nilipomkumbusha akasema, "Andika hivyo hivyo dada, leo naitwa hivyo." Nikadhani ana mambo yake ya nyumbani.

Kisha akaja mzee wa chumba cha tatu. Usiku huo mmoja tu. Asubuhi Yusta akagonga, kimya, tukafungua, tukamkuta hajitambui, shuka limelowa jasho. Sukari. Bodaboda wawili wakatusaidia kumwingiza kwenye teksi, mimi nikakimbilia kitabu. Namba aliyoandika haipo. Nikampigia ninayemjua kwenye kile kijiji alichoandika. Akauliza huku na kule, akasema mtu huyo hapa hayupo. Hospitali wananiuliza anatumia dawa gani, ana mzio wa nini, ndugu zake nani, na mimi nimeshika kitabu ambacho kwa miaka tisa nimekipigia rula, hakina cha kuwaambia. Simu yake iliita saa saba mchana. Binti yake. Alikuwa Nyegezi muda wote huo, mwendo mfupi tu kutoka hapa.

Mzee alipona. Alipokuja kuchukua begi nilimuuliza kwa upole kwa nini alidanganya. Akanitazama kama anayeniuliza mimi swali. Akachukua begi lake akatoka.

Jibu nimelipata Jumapili iliyopita.

Mama Regina alikuja baada ya misa, peke yake, akakaa kwenye benchi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikampa soda. Akaishika bila kunywa.

"Nimekuja unieleze mwenyewe," akasema. "Kile kitabu chako, walikiiba au ulikitoa?"

Nilijua. Kabla hajasema lingine mwili wangu ulijua.

Gari alilopanda kutoka hapa lilisimamishwa Usagara, pale njia panda. Wanaume wawili wenye nguo za kawaida walipanda, wakamwita kwa majina yake yote matatu, wakamteremsha. Siku tatu. Hakuna kosa aliloambiwa. Waliuliza nani anawafadhili, mwanasheria alisema nini, akina mama wangapi. Siku ya mkutano wenzake walimsubiri mpaka jua likawa kali, wakatawanyika kwa hofu. Katika siku zile tatu nguzo za uzio zikasimikwa. Alipotoka aliambiwa amesamehewa.

"Kusamehewa nini, binti? Kujua kuandika?"

Akaendelea: "Walinionyesha kwenye simu. Karatasi yako. Nikauona ule mstari mwekundu, nikasema moyoni, huu ulivyonyooka, huu ni wa yule binti wa Butimba."

"Nilitoa, mama," nikamwambia. "Hawakuiba."

"Ulilipwa?"

"Hapana."

"Ulitishwa?"

"Hapana."

Hapo ndipo aliponishangaa kweli. Nadhani kulipwa au kutishwa angevielewa. Alikunywa soda yote taratibu mpaka ikaisha.

"Basi angalau huongopi," akasema. Kisha: "Habari zimezunguka. Mialo yote watu wanajua ukiandika jina gesti linakufuata barabarani. Ndiyo maana sasa wanaandika upuuzi."

Nikamfikiria mzee wa chumba cha tatu. Kitabu kilichomrudisha yule marehemu kwao kilikuwa na nguvu kwa sababu moja tu: watu walikiamini kidogo. Mimi nikakitumia mpaka imani ile ikaisha, na sasa mgeni akianguka humu ndani sina wa kumpigia. Tulikuwa tunaambiwa picha zile ni kwa usalama. Usalama wa nani? Mwezi wa kumi pikipiki ya mgeni iliibiwa nyuma ya ukuta huu. Nilimwandikia Bwana Picha siku hiyo hiyo, yeye mwenye kurasa zangu zote. Hajajibu mpaka leo.

Mama Regina alikuwa na jambo la pili. Barua yao imeandikwa upya na kusainiwa na mwalo mzima, wenye sahihi na wenye dole gumba. Wanaileta mjini, na Ijumaa wataikabidhi ofisi ya mkoa kwa mikono yao, wapigiwe muhuri kwenye nakala. Wataingia Alhamisi, yeye na wenzake watatu.

"Tunahitaji pa kulala," akasema. "Niambie kama nilale kwako au nitafute kwingine. Usinijibu kwa aibu. Nijibu kwa akili."

Wakizuiwa njiani mara ya pili, akasema, hakuna mama atakayekubali kusaini kitu tena pale.

"Laleni kwangu," nikasema.

Jumatatu sikutuma picha. Jumanne sikutuma. Jana akaandika, "Dada vipi?" nikaacha simu ikae.

Leo saa nne na dakika ishirini ameingia mwenyewe. Viatu vilevile. Yusta alikuwa anapiga deki, akahamisha ndoo lakini hakuondoka.

"Dada Vene, mbona kimya? Simu imeharibika?"

"Simu nzima."

"Bando limeisha?"

"Bando lipo."

"Sasa?"

"Picha nimeacha. Kitabu hicho hapo. Maelekezo yale ukutani yanasema mkaguzi akisome hapa kwenye kaunta. Karibu ukisome."

Akanyoosha mkono. Nikaweka mkono wangu juu ya jalada, nikamsogezea kaunta buku mpya niliyoichora mistari Jumatatu jioni. Jina kamili. Namba ya kitambulisho cha kazi. Ofisi unayotoka. Unamtafuta nani. Sababu. Muda. Sahihi.

"Ukimaliza kujaza hapo."

Alisoma vichwa vya safu kimoja kimoja. Akacheka.

"Nini hii, dada? Unaniandikisha darasa la kwanza?"

"Darasa la kwanza hawaulizwi sababu ya safari."

"Mimi kazi yangu si ya kuacha jina kila mahali."

"Kuna mama naye hakutaka kuandika ya kwake hapa. Nikamlazimisha. Baadaye nyie mkamteremsha Usagara."

Akaacha kucheka. Akatazama mlangoni, akamtazama Yusta, akashusha sauti. "Hayo si ya kwako. Haya ni mambo ya usalama. Unajua ni watu gani wanalala humu?"

"Nawajua, nimewaandika. Nitajie mmoja aliyefanya kosa, ulete barua yenye jina lake, nitakufungulia ukurasa wake na chai nitakuchemshia. Wale wa televisheni walikuja na barua."

"Na usipopewa barua?"

"Basi huna kesi. Una hamu tu ya kusoma."

Sijui ile ya mwisho ilitoka wapi. Sikuwa nimeipanga.

Akasema, taratibu kabisa, bila ubaya usoni, kwamba mimi ni mtu mzuri, kwamba nina kazi nzuri, kwamba gesti kama hii ina leseni, ina ukaguzi wa afya, ina vyoo, na mambo mengi yanaweza kukutwa na kasoro. Kisha akatoka. Kaunta buku haikuguswa.

Yusta alikamua tambara muda mrefu. "Mwalimu Mkuu," akasema, "umemfelisha."

Nikachukua ufagio, nikatoka kuwafagia wadudu wa barazani mara ya pili.

Saa nane wamefika akina mama, Mama Regina na wenzake watatu, na furushi dogo la dagaa wakavu "wa yule binti mwenye pua". Kabla ya kuwapa kalamu niliwaambia yote, wakiwa wamesimama. Kwamba kitabu kitabaki hapa kaunta na sitakipiga picha. Kwamba aliyekuwa akizipokea amekuja leo, amekasirika, na anaweza kurudi na barua, na akirudi na barua atasoma walichoandika. Kwamba waandike wanavyoona, sitagusa rula.

Wa kwanza, mdogo kuliko wote, ana mtoto mgongoni, aliandika "Mkulima" na akaninyanyulia macho kuona nitafanya nini. Nikampa ufunguo wa chumba cha nne na kumwonyesha bafu lenye maji ya moto. Wawili wakafuata. Mmoja aliandika "Mkaushaji dagaa", mmoja akaacha wazi.

Mama Regina alikuja mwisho. Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa. Akaandika majina yake yote matatu. Akaandika uenyekiti wake. Kwenye sababu ya safari nafasi haikumtosha, akaingia kwenye nafasi ya chini: Kukabidhi barua ya akina mama mia na kumi ya kudai mwalo wao, kesho saa mbili asubuhi.

"Mama," nikamwambia, "hukulazimika."

"Najua. Mara ile ulinilazimisha wewe. Leo naandika mimi." Akapiga sahihi. "Mimi sijawahi kujificha, binti. Ninachokataa ni kunyatiwa. Anayetaka kunisoma aje anisome mbele ya uso wangu, na mimi nimsome wa kwake."

Nimeyafikiria maneno hayo mchana mzima. Nilikuwa nadhani uhuru ni mambo ya wanasiasa na watu wa magari ya vipaza sauti. Kumbe ni kitu kidogo hivi. Ni mama kupanda gari na barua yake na kujua atateremka pale alipolipia nauli. Ni mzee kuandika jina lake la kweli kwenye nyumba ya watu asiowajua, ili akizidiwa binti yake aitwe. Mtu akitazamwa kila siku bila kosa, anaacha kusema ukweli hata pale ukweli ungemwokoa. Halafu hao hao wanaotazama wanashangaa hawajui lolote, wanataka picha zaidi.

Mama Kulwa, mwenye gesti, alikuwa ameshapigiwa simu. Amekuja saa kumi, ametoka Igoma bila hata kubadilisha kandambili. Mume wake alimwachia nyumba hii na huzuni tu, na ndani yake amesomesha mapacha wawili. Namheshimu. Naandika hivyo kwanza kabla ya yanayofuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Vene. Unataka kunifungia gesti?"

"Hapana, mama."

"Sasa unapigana na watu wenye mihuri una nini wewe? Una rula?"

Nilijizuia nisicheke, naye nadhani alijizuia. Nikamweleza kuhusu Usagara. Hakuwa anajua. Nikamweleza mzee wa sukari kwa nini alidanganya jina. Alikaa kwenye benchi akavua kandambili moja, akaivaa tena.

"Huyo mama yuko humu sasa hivi?"

"Chumba cha tisa. Amepumzika."

"Mungu wangu."

Kisha akasema hana nguvu za kupambana, ana miaka sitini na nne na goti bovu, na gesti ikifungwa mwezi mmoja tu haifunguki tena. Akasema usiku wa leo hamfukuzi mtu, kwa sababu yeye naye ni mama. Lakini kuanzia Jumamosi picha zianze tena saa tatu asubuhi kama zamani, au nimkabidhi funguo atafute mwingine. "Nakupenda kama mwanangu," akasema, "ila nimechoka kuogopa." Nikamwambia kwamba picha nilizozituma mimi ndizo zilizotuletea hofu hii. Akasema anaelewa. Akasema Jumamosi.

Simlaumu. Hofu yake ni ya kweli na haikuanza kwake. Lakini nimegundua kitu wakati anatembea kwenda kituoni akichechemea: Bwana Picha hahitaji kufunga gesti yoyote. Anahitaji kila mmoja wetu amwogopeshe aliye chini yake. Mama Kulwa aniogopeshe mimi, mimi nimwogopeshe mgeni kwa rula. Mnyororo huo unafanya kazi bila mshahara, na kwa miezi saba mimi nilikuwa pete yake imara kuliko zote.

Hapa kwangu umekatika.

Ndani ya chumba cha tisa wanasikika wanacheka. Wanajifunza kusoma barua kwa sauti, kwa zamu, ili ofisini akizuiwa mmoja mwingine aendelee. Yule wa mtoto mgongoni ndiye anayesoma vizuri kuliko wote. Mama Regina anamkatisha: "Inua kichwa, usiisomee sakafu!"

Sijui kesho watapigiwa muhuri au wataambiwa mhusika yuko safarini. Sijui kama mlango utagongwa kabla ya hapo. Simu imewaka mara moja, ni Bwana Picha: "Dada fikiria vizuri." Nimefikiria. Chai yao nitaichemsha saa kumi na mbili. Saa moja kamili watatoka kwa mlango wa mbele na mimi nitawasindikiza mpaka ofisini, nikae nje kwenye ngazi mpaka watoke, nione nani anawasogelea. Yusta atashika kaunta. Ameomba mwenyewe.

Jumamosi Mama Kulwa akitaka funguo, ziko kumi na mbili, kila moja na kibao chake, na funguo za akiba kwenye bahasha. Nitamkabidhi mkononi, nitamwamkia, na nitatoka.

Picha kwangu hatapata.